Filamu ya Bogoria imekwama na nyanya anaisubiri, naombeni ushauri

Mtoto wa Ziwa: Wadau, hamjambo. Mwaka wa nne huu natengeneza filamu kuhusu Waendorois, jamii ya wafugaji wa Baringo, na Ziwa Bogoria, walikoanza kufurushwa 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Msimuliaji ni nyanya yangu. Nimempiga picha kule Loburu kwenye chemchemi za maji moto, kwenye boma alikomzalia mamangu. Sasa studio ya hapa Nairobi imeshikilia sauti mpaka nilipe 180,000 zilizobaki. Nizitoe wapi? Macho ya nyanya yanafifia.

Fundi Maiki: Sauti usiifanyie mchezo. Mimi nilirekodi harusi Rongai, upepo ukaingia kwenye maiki, nikarudisha pesa zote. Ulitumia maiki gani?

Mama Kayole: Mwanangu, za kukufikisha hapo zilitoka wapi?

Mtoto wa Ziwa: Akiba, na marafiki.

Mama Kayole: Akiba ya miaka minne Nairobi hii, na kodi unalipa? Sema ukweli, hapa hakuna anayekujua.

Mtoto wa Ziwa: Sawa, mama. Nilikopa 400,000 kwa sacco. Mke wangu ni mdhamini. Kwenye fomu niliandika ploti ya Joska, na yeye anajua ni ploti. Lakini sikula hata shilingi. Ploti zitakuwepo, nyanya hatakuwepo. Na nimeshaongea na ofisa wa mikopo aniongezee.

Wakili wa Mtaa: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa Waendorois haki yao, uamuzi ukaidhinishwa 2010, na hadi leo wanasubiri utekelezaji. Hilo liweke mwanzoni kabisa mwa filamu.

Mama Kayole: Wakili, hapa tuna ndoa ya mtu. Marehemu mume wangu aliuza cherehani yangu kimyakimya. Kilichoniuma ni majirani kujua kabla yangu. Mwambie leo, sacco isije ikampigia simu kwanza.

Boda wa Marigat: Uzi huu una walakini. Mimi hupeleka wageni huko. Ziwa lilipanda, chemchemi kadhaa za Loburu zikafunikwa. Boma gani ulilopiga?

Fundi Maiki: Kumbe tunachangishwa!

Mtoto wa Ziwa: Boma halipo. Nyanya alivua viatu ukingoni, akanyoosha fimbo majini. Mlango pale. Zizi pale. Ng'ombe wakienda kulamba chumvi walipita hapa. Akaingia hatua mbili, maji yakamfika kwenye vifundo, akasimama tu. Dakika 6, sijakata hata moja.

Boda wa Marigat: Zizi lilikuwa upande gani?

Mtoto wa Ziwa: Alionyesha ile barabara ya lami inapozama.

Boda wa Marigat: Naijua. Nisamehe, ndugu yangu.

Mama Kayole: Na mkeo?

Mtoto wa Ziwa: Yuko jikoni. Nataka kwanza nimwonyeshe hicho kipande, kiko kwa simu.

Mama Kayole: Hapana. Anza na ploti, simu iache mfukoni.