Kuwarekodi tunaowapa sadaka na kuposti, ni sawa kweli?

BintiTandika: Wakuu naombeni mawazo maana hili jambo linaninyima usingizi. Tuna kikundi cha mtaani tuko 18, kila Ramadhani tunachangishana kwa simu tunanunua unga, mchele, sukari na tende tunapeleka kwa wajane na wazee. Mwaka huu mwenzetu akaleta wazo turekodi tuweke insta ili watu wavutike. Tukafika kwa bibi mmoja anaishi na mjukuu wake wa darasa la 5, tukamsimamisha mtoto mbele kashika kiroba cha unga, bibi pembeni anashukuru huku analia, klipu ikasambaa na michango ikaingia kweli. Juzi napita pale bibi kaniambia kwa upole tu, "mwanangu, mjukuu wangu shuleni wanamwita Kiroba, hataki tena kwenda." Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Mweka_Hazina_Mwanza: Pole dada ila usijilaumu kupita kiasi. Mimi natunza hela za kikundi kama chenu, bila picha maneno yanaanza, hela imeenda wapi, na huwezi kuwalaumu maana watu wameshaibiwa sana na michango ya uongo, picha ya mgonjwa inazungushwa kwenye magrupu kumbe mgonjwa mwenyewe alishazikwa. Halafu 2023 MrBeast, yule Mmarekani wa YouTube, alichimba visima 100 Afrika, Kenya ikiwemo, akasemwa sana eti anajitangaza, ila watu walipata maji.

Abuu_K: Kutoa hadharani hakujakatazwa, Suratul Baqara aya ya 271 inasema mkitoa sadaka kwa dhahiri ni vizuri na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora kwenu. Ila rudi nyuma kidogo aya ya 264, tumekatazwa kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Mtoto kuitwa Kiroba si maudhi hayo? Zamani simango lilikuwa la mdomo linaishia mtaani, hili la insta atalikuta hata akishaoa. Kisima hakina uso mkuu, mtoto anao.

Nilikulia_kituoni: Mimi nimelelewa kituo cha watoto, sitataja wapi. Wageni wakija tulikuwa tunaogeshwa mapema, tunaimba, afu tunapanga foleni mmoja mmoja unashika sabuni upande huu mgeni upande ule mnaangalia kamera. Kuna siku walileta soda tukaambiwa tusifungue mpaka picha ziishe, jua kali, zikawa za moto kabisa. Watu wanasema "tuliomba ruhusa", jamani mtu ana njaa na wewe umesimama mlangoni na unga wake, atakukatalia vipi? Kulikuwa na mama mmoja anakuja Jumamosi kutusuka, hakuwahi kutoa simu, yule mpaka leo namwombea.

Mdau_Moshi: Kwanza kwa huyo mtoto kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za watoto zimewekwa kwenye taarifa nyeti, kwahiyo msichukulie poa. Pili, Mweka Hazina, uwazi bila sura za watu unawezekana. Kwenye jumuiya yetu tunapiga picha risiti na magunia yakiwa bado dukani, balozi wa nyumba kumi anasaini orodha, na orodha yenye majina haitoki kwenye kamati. Grupuni tunatuma idadi ya kaya na kilo basi. Mwaka wa 3 huu hakuna aliyeuliza hela yake.

Mweka_Hazina_Mwanza: Hiyo ya kusainisha balozi naichukua. Na kuna picha zetu za Krismasi nazitoa leo, zina watoto.

BintiTandika: Asanteni sana. Klipu tumeifuta ila kuna kurasa 2 zilishaibeba, naziandikia. Kesho naenda kwa bibi bila kubeba kitu, kuomba radhi tu, afu akikubali twende wote kwa mwalimu wa darasa. @Nilikulia_kituoni samahani nikuulize, ungekuwa wewe ndo yule mtoto ungetaka nikwambie nini?

Nilikulia_kituoni: Mwambie mlikosea nyie, yeye hajafanya kosa lolote. Mwambie bibi yake akiwa anasikia. Mimi sijawahi kuambiwa hivyo na mtu.