Tupeane uzoefu: Malalamiko ya wageni wa kambi ya mahema na chanzo chake halisi

Mwenye Uzi

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wetu sisi wenye kambi za mahema za kifamilia, zile ambazo baba ndiye mlinzi, mama ndiye mapokezi, na watoto wakifunga shule ndio wafagiaji. Utaratibu ni huu: weka lalamiko kama mgeni anavyolitamka, kisha chanzo, kisha dawa yenye vipimo. Visa vya "mimi siku moja" vitafutieni uzi wake. Hapa mtu asome leo, kesho ashike spana.

Nafungua na lile la kila jioni: "Maji ya moto hakuna." Boila ni ya pipa la lita 200, kuni zinawaka tangu saa tisa alasiri, wageni ni 16 hadi 20. Wanne wa mwanzo wanatoka wakiimba. Wa tano anatoka anatetemeka na taulo begani.

Fundi Bomba, Karatu

Wengi hulaumu moto, kumbe kosa liko juu, kwenye kichwa cha bafu. Piga hesabu. Maji ya pipa yakifika nyuzi 60 na ya baridi yakiwa nyuzi 20, ukichanganya nusu kwa nusu unapata nyuzi 40, joto la kuogea. Yaani pipa la lita 200 linakupa lita 400 za kuoga. Kwa lita 25 kila mtu, ni watu 16.

Sasa chukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa, fungua bafu hadi mwisho. Ndoo ikijaa kabla ya dakika moja, bafu lako linamwaga zaidi ya lita 10 kwa dakika. Mgeni wa dakika kumi kala lita 100. Wanne wa namna hiyo, pipa kwisha. Tia washa (kipete cha mpira) yenye tundu dogo nyuma ya kichwa cha bafu, pima tena mpaka ndoo ijae kwa dakika moja na nusu. Hata hivyo waimbaji wako watakula lita 65 na kitu kila mmoja, kwa hiyo kwa watu 20 gawa zamu: watoto saa kumi na moja jioni, chochea kuni upya, wakubwa saa moja usiku. Au ongeza pipa la pili.

Kuna lalamiko pacha: "Yangu yalikuwa baridi halafu ghafla yakaniunguza." Hayo ni maji yaliyolala kwenye bomba. Bomba la inchi robo tatu lenye urefu wa mita 20 linabeba karibu lita 6. Lazima zimwagike zote ndipo moto ufike. Sogeza boila karibu na bafu, au vika bomba sponji na ulizike.

Mita tatu za mwanzo kutoka kwenye pipa ziwe bomba la chuma. Plastiki hapo italainika, itapinda kama tambi, siku ya siku inachomoka kwenye kiungo. Na bomba la kupumulia litoke kileleni mwa pipa, lipande hadi lipite usawa wa maji ya tangi linalolisha, lizidi kwa nusu mita, mdomo wake uwe wazi. Usiweke koki pale hata kwa dakika moja. Pipa lililozibwa juu ya moto ni bomu.

Mgeni wa Biashara

Mkuu nashukuru. Kwangu shida ni presha, maji yanadondoka kama machozi. Nimeshauriwa nipandishe simtanki hadi mita 6. Niendelee?

Fundi Bomba, Karatu

Simama hapohapo. Kila mita ya kimo ni presha ya baa 0.1, kwa hiyo mita 6 ni 0.6. Kwa bomba la kawaida si kitu, ila pipa la mafuta ni bati jembamba, halikuundwa kubeba presha. Vitako vya pipa vitavimba kwanza, kisha mshono utafunguka, na itakuwa jioni kambi imejaa. Tangi linalolisha boila lisizidi mita 2 au 3 juu ya pipa. Udogo wa presha uutibu kwa bomba pana la inchi moja na kichwa cha bafu kipana chenye matundu mengi.

Kama simtanki tayari iko juu, weka katangi kadogo ka lita 100 chini yake, kenye boya la kufunga maji kakijaa, kawe ndiko kanakolisha boila. Angalizo: maji ya baridi ya bafuni nayo yatoke kwenye katangi hakohako. Ukiyachukua kule juu, baridi itakuwa na nguvu kuliko moto, itausukuma urudi pipani, na mgeni atakuambia tena maji ya moto hakuna.

Mama Kambi, Naivasha

Hamjambo wote. Huku kwetu ziwani lalamiko ni moja: "Kiboko alikuwa nje ya tenti yangu na mlisema kuna fensi ya stima."

Fensi iko, stima ndiyo haiko. Nunua kipima fensi na ukitumie kila jioni kabla giza halijaingia, kwa sababu kiboko hutoka majini usiku kula nyasi. Ukisoma kilovolti 6 hadi 8, lala. Ukisoma chini ya 4, tafuta mahali inapovuja. Kisababishi nambari moja ni nyasi kugusa waya wa chini. Baada ya mvua nyasi huota haraka sana, na kila jani linalogusa linaiba kidogo. Fyeka upana wa mita moja kila upande, na wakati wa mvua rudia kila wiki.

Kisababishi cha pili watu hawakijui: athi, yaani kiunganishi cha fensi na ardhi. Mnyama akigusa waya, stima hupita mwilini mwake, ikaingia ardhini, ikarudi kwenye mashine ya fensi kupitia zile nondo za athi. Kiangazi kikiukausha udongo, hiyo njia ya kurudi inakatika. Mashine inalia tiki-tiki vizuri kabisa na mnyama hasikii kitu. Weka nondo zisizopungua tatu, ziachane mita 3, uzichimbie mahali penye unyevu. Wakati wa ukame zimwagie ndoo ya maji jioni. Ndiyo, mtu amwagilie chuma kama sukuma wiki. Majirani watacheka, waache wacheke.

Na jamani, msichimbe vyoo karibu na ufuo kwa sababu tu mandhari ni mazuri. Ziwa hili hupanda. Mwaka 2020 lilipanda likaingia mashambani na kwenye majengo ya watu. Tena hata kabla maji hayajafika mlangoni, huwa yameshainuka chini ya ardhi na kujaza karo la maji taka kutokea chini. Mgeni anasema choo kimeziba, unaita gari la kunyonya, kesho yake karo limejaa tena. Hapo hakuna kilichoziba, unanyonya ziwa.

Kijana wa Lushoto

"Hema lenu linavuja." Kabla hujaleta gundi, ingia hemani alfajiri, pitisha kiganja kwenye dari. Ukikuta matone madogo yameenea kote kama jasho, na usiku haukunyesha, hiyo ni pumzi yao wenyewe. Watu wanne wamelala, milango yote imefungwa kwa kuogopa baridi, na Juni na Julai milimani kitambaa kinapoa sana. Mvuke ukigusa kitambaa baridi unageuka maji. Dawa ni kufungua madirisha ya juu ya hema kiasi cha kiganja, pande mbili zinazotazamana. Wageni hawataamini. Watakuambia baridi itaingia. Waonyeshe hema la jirani.

Kuvuja kwa kweli kuna mahali pake: maji yako pembeni tu au kwenye mshono mmoja. Hapo tazama turubai la juu kama limegusana na hema la ndani. Kamba zikilegea usiku yanagusana, na pale yanapogusana ndipo maji yanapopita. Kaza kamba jioni, kigingi kiinamie nje na kamba ikitoka kwenye hema iwe mstari mnyoofu na mshono.

La pili la huku: "Godoro ni zuri ila baridi inatoka chini." Godoro la upepo halizuii baridi, hewa iliyo ndani inazunguka na kupoa pamoja na ardhi. Usimwongezee blanketi la kujifunika, ongeza moja chini yake. Godoro la sponji la inchi 3 ni bora kuliko la upepo la inchi 8, ingawa kwenye picha la upepo ndilo linalopendeza.

Mapokezi, Mto wa Mbu

Nachangia la umeme. "Soketi zenu mbovu." Banda la kuchajia simu lina sakiti breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 10. Kwa volti 230 hiyo ni wati 2,300. Simu 30 kwa pamoja hazifiki hata nusu. Anakuja mmoja na jagi la umeme la wati 2,000, mwenzake anachomeka drai ya nywele ya wati 1,800, tap! giza, na simu 30 zinaamka asubuhi na asilimia 4. Watu wazima wanatazamana kama watoto waliovunja chungu.

Usiongeze ukubwa wa breka. Waya wa milimita 1.5 uliowekwa kwa ajili ya simu utaungua kabla breka kubwa haijashtuka. Tenga soketi moja ya jagi jikoni, iwe na waya wa milimita 2.5 na breka yake. Kwenye banda badilisha soketi zote ziwe za USB tupu. Jagi haliingii USB, mjadala umekwisha.

Halafu hili la idadi. Simu inasema "tuko familia ya wanne", gari linashusha tisa. Toza kwa kichwa, usitoze kwa hema, na uhesabu getini kabla mizigo haijashuka. Wakishatandika, kila mtoto anakuwa "huyu halali, ananyonya". Na mjue maandishi ya kiwandani: hema la "watu wanne" lenye upana wa sentimita 240 linampa kila mtu sentimita 60, wamelala kama dagaa na mabegi nje. Kiuhalisia ni la wakubwa wawili na mtoto mmoja.

Mpishi wa Safari

Nitetee wapishi wenzangu, maana najua mnakoelekea. "Sinki la jikoni halishuki." Ni kweli mafuta yetu. Yakimwagwa ya moto yanaonekana maji, yakifika mita tano mbele kwenye bomba la baridi yanaganda, na chembe za ugali zinanata juu yake. Usimwage magadi ya kuzibulia kila wiki. Jenga kisanduku cha mafuta nje ya ukuta: vyumba viwili, ukuta wa kati uachie nafasi chini ili maji yapite chini na mafuta yabaki yameelea juu. Chota kwa kopo kila baada ya siku mbili au tatu kambi ikiwa imejaa. Na wapishi tupewe kopo la kukwangulia sufuria kabla ya kuosha. Tukipewa tunatumia.

Fundi Bomba, Karatu

Mpishi kasema kweli. Niongeze la vyoo: bomba la milimita 110 lishuke sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita, na kona ya nyuzi 90 ibadilishwe kuwa mbili za 45 zenye chemba ya kufungulia. Kinachoziba sana kwenye kambi za familia ni waipsi za watoto, vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia. Karatasi ya chooni huyeyuka, waipsi haziyeyuki hata zikikaa mwezi. Ndoo yenye mfuniko ndani ya kila choo ni ya bei rahisi kuliko fundi. Na mfanyakazi asimwage chupa nzima ya dawa ya klorini kila asubuhi, anawaua bakteria wanaokusagia karo bure.

Mgeni wa Biashara

Siafu je? Mvua zimeanza, mgeni kapiga kelele usiku wa manane.

Mama Kambi, Naivasha

Toa watu, vua nguo zilizoingia siafu, kung'uta. Usimwage maji, wanatawanyika na kuingia kila mahali. Usimwage mafuta ya taa karibu na tenti, kitambaa hicho kinashika moto kama karatasi. Hamisha tenti mita 20 kando ya msafara, siyo mbele yake, na uwaache wapite. Kwa vitanda vya banda, weka miguu yake kwenye makopo yenye maji. Chakula kisilale ndani ya tenti kabisa, kilale garini na vioo vimepandishwa. Hiyo inakusaidia na kwa tumbili pia, kwa sababu zipu wanaifungua wale. Funga vichwa viwili vya zipu pamoja kwa kipande cha waya.

Kijana wa Lushoto

La mwisho kwangu. "Kuna mtu ananyongwa msituni." Saa tano usiku, kila mgeni mpya. Ni perere, mnyama mdogo wa ukubwa kama wa sungura aliyeshiba, anaishi juu ya miti na sauti yake inapanda ngazi kwa ngazi hadi inakuwa mayowe. Usisubiri waulize usiku. Bandika kibao mapokezi: "Mayowe ya saa tano ni ya perere. Yuko salama. Nanyi pia."

Mapokezi, Mto wa Mbu

Ongeza mstari chini yake: "Wa saa kumi alfajiri ni jogoo wa jirani. Tumeshauliza bei, hauzwi."