GIF za vitambaa vya dukani: Ezgif, GIPHY au GIMP?

Muuza Vitenge, Eastleigh
Wanajukwaa, hamjambo. Ninauza vitenge na hariri, na ningependa kila kitambaa katika katalogi yangu ya mtandaoni kionekane kikikunjuliwa kwa sekunde tatu au nne bila mteja kubonyeza chochote, yaani kwa GIF, faili ya picha inayosogea. Njia ninazozilinganisha ni tovuti za Ezgif na GIPHY, na programu ya kuhariri picha ya GIMP ambayo tayari nimeiweka kwenye laptopu. Video za simu yangu zina makumi ya megabaiti, na ninapotumia data ya simu upakiaji hukatika kabla ya kukamilika. Tena, nikijaribu kurekodi kwa laptopu moja kwa moja kwenye tovuti, panapopaswa kuonekana picha ya kamera huonekana giza tupu. Mngenishauri vipi?

Fundi wa Luthuli
Dada, GIPHY iweke kando. Hiyo ni maktaba ya kutafutia vichekesho vya kutumiana, nawe unataka faili ya kuweka dukani mwako. Ezgif ni nzuri, lakini kazi yake hufanyika kwenye seva yao, kwa hiyo video yote ni lazima isafiri kwanza, hata ile sehemu utakayoitupa baadaye. Ikate kwenye simu kabla ya kuipakia, kwa kuwa programu ya picha ya karibu kila simu ina kikata video, na urekodi kwa ubora wa 720 badala ya 4K. Ukishaipakia, punguza upana hadi pikseli 480 na fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, hadi 10 kwa sekunde. Upana na kimo vikipungua kwa nusu, pikseli hubaki robo tu.

Ikiwa simu ni iPhone, huenda inahifadhi video kwa mfumo wa HEVC, ambao baadhi ya tovuti huukataa hata faili ikiwa ndogo. Katika mipangilio ya kamera, chagua muundo unaokubalika na vifaa vingi zaidi.

Mchoraji wa South B
Naongezea jambo la rangi, ambalo kwa muuza vitambaa ni zito kuliko ukubwa wa faili. GIF ilitolewa na CompuServe mwaka 1987, na hadi leo kila fremu yake hubeba rangi zisizozidi 256. Kitenge chenye rangi chache zilizokolea hakitaathirika sana, ila hariri inayong'aa, ambayo wekundu wake hufifia polepole kuelekea kwenye mkunjo, itatoka na mistari mistari kana kwamba imefuliwa vibaya. Programu huficha mistari hiyo kwa kutawanya nukta za rangi tofauti, lakini nukta hizo huiongezea faili uzito, kwa sababu mbinu ya kubana ya LZW hufaidika pale ambapo mpangilio uleule wa pikseli hujirudia. Kwa hariri, jaribu namna zote mbili uzilinganishe kwa macho.

Simu nayo isimame juu ya kitegemeo. Mkono ukitetemeka, ukuta wa nyuma hubadilika katika kila fremu, na nafasi ambayo ingeokolewa kwa kuhifadhi sehemu iliyosogea peke yake hupotea. Kuhusu GIMP, kumbuka kwamba haifungui video ya MP4. Huna budi kuzitoa fremu kwanza na kuziingiza kama tabaka. Ni kazi ya subira, ingawa haili data hata kidogo.

Mwanatovuti wa Ngong Road
Mimi sikubaliani na msingi wenyewe wa swali. MP4 isiyo na sauti hujicheza na kujirudia kwenye kivinjari vilevile, huwa nyepesi zaidi kwa kawaida, na haina kikomo hicho cha rangi. Hata WhatsApp, kile tunachokiita GIF huwa ni MP4 iliyoondolewa sauti. Ezgif hutoa MP4 pia.

Muuza Vitenge, Eastleigh
Ahsante, ndugu, lakini katalogi yangu hupokea picha peke yake, video inaikataa. Vitenge nitavifanyia GIF, na hariri nitaipiga picha za kawaida. Na kamera je?

Mhudumu wa Saiba, Umoja
Anza na anwani ya tovuti: isipoanza kwa https, kivinjari hakitairuhusu kutumia kamera. Kisha bonyeza alama iliyo kando ya anwani, mwanzoni, uone kama kibali cha kamera kilikataliwa hapo awali, kwa maana ukikataa mara moja huenda usiulizwe tena. Funga Zoom na programu nyingine za mikutano, kwa kuwa kwenye Windows kamera inayotumiwa na programu moja mara nyingi haitoi picha kwa programu nyingine. Mipangilio ya faragha ya Windows nayo ina swichi yake ya kamera. Kwa kuwa wewe unaona giza badala ya ujumbe wa hitilafu, kagua kwanza kifuniko kidogo cha kusogeza kilicho juu ya skrini. Hapa saiba, wateja wengi husahau kwamba kipo.

Fundi wa Luthuli
Sahihi. Jambo la mwisho, dada: muda wa kila fremu ya GIF huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Weka 10. Ukiweka 0 au 1 ukitarajia kasi, vivinjari vingi huirudisha kwenye 10 hiyohiyo.