Koloidi ya fedha nyumbani: betri, sola au adapta?

Swali (Chungu_Safi)

Wakuu, habari za muda huu. Nataka kutengeneza lita 1 ya koloidi ya fedha (maji yenye chembe ndogo sana za madini ya fedha) ya kupaka kwenye chungu cha kuchujia maji. Nina nyaya 2 za fedha ya 999 (safi kwa asilimia 99.9) na maji yaliyokenekwa. Kwa upande wa umeme kuna betri 3 za volti 9, betri ya sola ya volti 12, chaja ya simu na adapta ya printa ya volti 24. Nitumie ipi, na rezista (kipande cha kupunguza mkondo) ya kiasi gani?

Rezista22K

Mkuu, unga zile betri 3 mfululizo upate volti 27. Maji yaliyokenekwa hupitisha umeme kwa shida, ndiyo maana volti 5 za chaja zitakuchelewesha mno. Ila tatizo kubwa huja baadaye: ayoni za fedha (chembe zake zenye chaji) zikishaingia, maji yanapitisha umeme zaidi, mkondo unapanda na chembe zinagandana. Ukiona manyoya meusi yanaota kwenye waya wa hasi na maji yanageuka kahawia kisha kijivu, hayo yameharibika.

Dawa yake ni rezista ya kilo-omu 22 kwenye waya wa chanya. Hata nyaya zikigusana, mkondo hauzidi miliampia 1.2. Kwa betri ya sola weka kilo-omu 10, kikomo ni kilekile, ila kuanza kutakuwa taratibu. Hapo usisahau fyuzi karibu na betri, kwa sababu shoti ya betri ya sola inawasha waya.

Betri za volti 9 huchomekana vichwa. Chomeka ncha moja tu, chanya ya hii kwenye hasi ya ile. Ukichomeka zote mbili umepiga shoti.

Mita_Mkononi

Adapta iache kabisa. Ndani yake kuna kapasita kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti ndogo, na mkondo kidogo huvuja humo. Zile za bei ya chee hata kizuizi chenyewe si cha kuamini, na wewe unashika nyaya zilizo majini.

Pima kwa maltimita kwenye miliampia, ikiwa mfululizo na waya. Ukiibana sambamba na betri, fyuzi ya mita inakatika. Miliampia 1 kwa saa 1 inatoa miligramu 4 za fedha, kwa hiyo saa 2 na nusu zinakupa kama miligramu 10 kwa lita. Hesabu kwa mkondo unaousoma, kwani mwanzoni huwa chini. Koroga, na geuza chanya na hasi kila dakika chache.

Klipu zisiguse maji, maana shaba yake itayeyuka humo. Chumvi usitie hata punje: inatengeneza kloraidi ya fedha na maji yanakuwa meupe. Na ukinunua maji yaliyokenekwa yanayouzwa kama maji ya betri, soma lebo vizuri, asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo.

Kichujio

Kabla hujaunga waya, angalia hesabu ya chungu. Kipimo kinachotumika sana ni mililita 2 za koloidi ya kiwandani ya asilimia 3.2 ndani ya mililita 250 hivi za maji, yaani miligramu 64 kwa chungu. Lita yako itakuwa na 10 tu, na ukilazimisha ifike huko chembe zitagandana. Kwa chungu nunua ya kiwandani. Hii ya betri ibaki ya kujifunzia.

Tena isinywewe. WHO inasema miligramu 0.1 kwa lita ya maji ya kunywa inavumilika, yako ni mara 100 ya hapo. Fedha ikijikusanya mwilini ngozi hugeuka bluu-kijivu, na rangi hiyo haitoki. Mwaka 1999 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitamka kuwa dawa za dukani zenye koloidi ya fedha hazitambuliki kuwa salama wala kwamba zinatibu.

Chungu_Safi

Nimewaelewa wakuu, ya chungu nitanunua. Kwa majaribio, hiyo rezista iwe ya wati ngapi?

Rezista22K

Robo wati inatosha. Hata nyaya zikigusana, inabeba miliwati 33 tu.