Kaka anataka kuacha gongo mbalamwezi hii, tumfungie ndani au tufanyeje?

BintiUjiji:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wenu. Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, ana miaka 38. Gongo anakunywa kila siku, mwaka wa sita sasa, na asubuhi asipozimua kwa glasi nyingine mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakishiki. Safari hii ameomba mwenyewe kuacha. Mbalamwezi imeanza, haendi ziwani, kwa hiyo wazee wanasema tumfungie chumbani wiki nzima na uji na maji. Ni sawa? Na tumsaidieje asirudie?

NesiMstaafu:
Pole dada, na umpongeze kaka kwa kuomba mwenyewe. Ila msimfungie, nakusihi. Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka azimue, mwili wake umeshaizoea pombe kiasi kwamba kuikata ghafla kunaweza kumuua. Si kama arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, ambayo inatesa vibaya lakini ni nadra kuua yenyewe.

Baada ya glasi ya mwisho, saa 6 hadi 12 hivi, huanza jasho, kutetemeka, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Kifafa kikija, mara nyingi ni ndani ya siku 2 za mwanzo. Siku ya 2 hadi ya 4 ndiyo ninayoiogopa zaidi: homa, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, hajui yuko wapi. Hapo ndugu husema kapandwa na majini, akapelekwa kwa mganga, kumbe ni dharura ya hospitali. Wengine huona jasho na kutetemeka wakadhani malaria, wakampa dawa ya mseto na kumlaza. Apimwe malaria, ndiyo, lakini anayempima aambiwe pia mara ya mwisho alikunywa saa ngapi.

Mpelekeni Maweni, hospitali ya mkoa hapo Kigoma, kabla hajaacha. Mkifika semeni kweli: anakunywa kiasi gani, kwa miaka mingapi, kama aliwahi kuanguka kifafa, kama anatumia bangi au vidonge. Mpaka amwone daktari asikate ghafla; anywe kidogo tu cha kutuliza mikono, maana nguvu ya gongo hutofautiana kwa kila mpishi na kujipimia siku nyingi nyumbani hakuaminiki. Kwa kawaida hupewa diazepamu, kipimo kikipunguzwa polepole kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1. Hiyo B1 msiidharau. Mnywaji asiyekula huishiwa nayo, na akiwekewa dripu ya glukosi bila B1 ubongo unaweza kuumia: macho yanacheza, anayumba, kumbukumbu inapotea na huenda isirudi. Mwulizeni daktari kwa heshima kama ameshaanzishiwa.

Akianguka kifafa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, msimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni. Kisha hospitali, hata kama ameamka.

TaaZaDagaa:
Naongezea moja. Msinunue diazepamu duka la dawa mkampa wenyewe. Ikikutana na gongo inazima pumzi usingizini.

MzeeWaMawese:
Na mtu akiwaletea unga au kidonge cha "kumchukiza pombe" mtie kwenye mboga bila yeye kujua, kataeni. Dawa ya aina hiyo ipo, inaitwa disulfiramu, na hutolewa kwa mtu aliyekubali, ambaye hajagusa pombe angalau saa 12. Akinywa juu yake uso unawaka, anatapika, presha inashuka, moyo unaweza kushindwa. Hata akiiacha, athari inaweza kubaki mwilini hadi wiki 2.

BintiUjiji:
Asanteni sana, nimewaonyesha wazee na wameelewa. Kesho asubuhi tunaenda. Je, giza likirudi aingie ziwani?

NesiMstaafu:
Asiingie akiwa bado kwenye diazepamu, wala kabla daktari hajamruhusu. Kifafa au usingizi juu ya mtumbwi usiku, wenzake hawatamuwahi.

TaaZaDagaa:
Dada, kwa mvuvi hatari kubwa ni mbalamwezi ijayo. Usiku wa giza ana kazi. Mwezi ukijaa ana mgawo mfukoni, mchana mrefu, na wenzake wako kilabuni. Pangeni sasa, kwa ridhaa yake, mwenye chombo amtumie mkewe mgawo kwa simu, siku zile apewe kazi ya kushona nyavu au kutengeneza chanja, na asipite njia ya kilabu. Hamu ikipanda, aghalabu hupungua ndani ya nusu saa: ale, atembee, ampigie mtu mmoja waliyekubaliana. Usingizi utamsumbua wiki kadhaa, msiogope.

BintiUjiji:
Na akiteleza?

NesiMstaafu:
Akinywa siku moja, aache hapo hapo na mumwambie daktari. Akirudia siku nyingi mfululizo, msimkatie ghafla nyumbani, rudini Maweni hata kama mnaona aibu. Kila mara mwili unapokatwa pombe tena, mtetemeko na kifafa huelekea kuwa vikali kuliko mara iliyopita. Kesho beba kadi zake za kliniki kama zipo, na uandike saa ya glasi ya mwisho.

BintiUjiji:
Naandika. Nitaleta mrejesho.