Kikiharibika ni changu, nikitaka kuondoka ni chao: mkataba wa intaneti usiokubali kufungwa

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni haja ya kuificha. Kampuni inayotuuzia intaneti ya faiba hapa Tudor, kisiwani Mombasa, ambayo jina lake naliweka kando kwa sasa, inaendelea kunitumia bili kila mwezi kwa huduma niliyokwisha kuikataa kwa maandishi, na juu ya hayo inanidai bei ya kisanduku cha kupokelea intaneti nyumbani ambacho ofisi yake yenyewe imekataa kukipokea.

Chanzo ni ile taa ndogo ya kisanduku hicho iliyoandikwa LOS. Wanaotumia faiba wanajua kwamba ikiwaka nyekundu, mwanga unaobeba intaneti haukifikii kisanduku, ama kwa kuwa uzi wa kioo umekatika au umekunjwa kupita kiasi mahali fulani kati ya nyumba na mitambo ya kampuni, ama kwa kuwa kiungio kimeingia uchafu. Kuzima na kuwasha hakuungi uzi uliokatika. Lakini kila nilipopiga simu niliambiwa yale yale: "Mzee wangu, zima, subiri kidogo, kisha uwashe." Mhudumu mmoja alithubutu kuniambia kwamba hitilafu iko kwenye nyaya za chini ya bahari. Nyaya za EASSy na Seacom, ambazo zote mbili zinapanda nchi kavu papa hapa Mombasa, zilipata hitilafu Mei 2024 na mtandao ukazorota Kenya na nchi jirani. Wakati huo kwangu taa ile haikuwaka nyekundu, kwa sababu yanayotokea baharini hayauhusu uzi unaotoka nguzoni hadi dirishani kwangu.

Fundi alipofika hatimaye, hata nguzo hakuitazama. Alikipindua kisanduku, akakwangua kwa ukucha kutu kidogo iliyoshika pembeni mwa tundu la umeme, akaandika kwenye fomu kwamba mteja ameharibu kifaa kwa unyevu, kisha akanitaka ninunue kingine. Unyevu! Vijana wao wa mauzo walipobisha mlango wangu na fulana zao mpya, hawakujua kwamba hiki ni kisiwa? Na kutu ya tundu la umeme inauzuiaje mwanga, hali kisanduku kinawaka na taa nyingine zote ziko sawa?

Hapo ndipo nilipoamua kujitoa, nikausoma mkataba upya. Unasema waziwazi kwamba kifaa ni mali ya kampuni muda wote na kwamba mteja anaweza kusitisha huduma kwa kutoa notisi ya siku 30. Nilitoa notisi kwa baruapepe, siku zikapita, bili ikaja kama kawaida. Nilipokipeleka kisanduku ofisini, dada wa kaunta, kwa adabu zote, alinieleza kwamba hawawezi kukipokea mpaka nilipe deni, na kwamba deni litaendelea kukua mpaka kifaa kirudishwe. Nazungushwa kama ngamia wa kinu cha ufuta. Kifaa kikihitaji matengenezo, wanasema ni changu; nikitaka kuondoka, kinageuka kuwa chao, tena kina bei. Na sasa wameanza kunitisha kwa CRB, ile ofisi ya kumbukumbu za wadaiwa wa mikopo, kana kwamba niliwakopa fedha.

Kinachonikera zaidi ya fedha zenyewe ni kwamba kujiunga kulikuwa kazi ya alasiri moja, kwa simu na sahihi, ilhali kutoka hakuna fomu, hakuna nambari ya malalamiko inayojibiwa, wala afisa anayekubali kuweka jina lake chini ya barua. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, haki ya maslahi yake ya kiuchumi kulindwa, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kwa kasoro ya huduma. Sioni bili ya huduma isiyokuwapo inaingiaje humo.

Kwa hiyo nimeandika barua yenye nambari ya kifaa, nakala ya notisi na picha ya ile taa nyekundu. Nitakirudisha kisanduku nikiwa na shahidi, na nitadai muhuri kwenye nakala yangu. Wakikataa, barua hiyo hiyo itakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kisha kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hailazimishi mtu kuwa na wakili, na kisheria inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60.

Aliyewahi kufungiwa akaunti na kampuni ya faiba hapa Mombasa akapewa uthibitisho wa maandishi, tafadhali anieleze ni afisa wa ngazi gani aliyetia sahihi, na kama bili zilikoma kweli baada ya hapo.