Naomba ushauri: kadi ya waifai kwenye kompyuta ya mezani
Wakuu, habari zenu. Nina Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ile ya kasha dogo, Windows 10. Haina waifai. Rauta iko sebuleni, na mwenye nyumba hataki tutoboe ukuta kupitisha waya.

Kwa sasa natumia kidude cha USB kinachoshika masafa ya 2.4 GHz tu, na mtaa mzima uko huko huko. Jioni mwanangu akiwa kwenye kipindi cha mtandaoni picha inaganda, mwalimu anabaki mdomo wazi. Inaniuma, ana mtihani mwaka huu.

Jana nilifungua kasha. Nafasi mbili za PCIe (za kuchomeka kadi) ziko tupu, ila kimo ni kifupi, kibati cha kawaida cha kushikia kadi hakiingii. Nimeona kadi ya Intel AX200 yenye antena mbili. Bluetooth yake inataka waya uchomekwe kwenye pini za USB za ubao mama.

Kuna aliyeifunga kwenye mashine hii? Kibati kifupi huja ndani ya boksi? Nisipochomeka ule waya, waifai itashika? Au nichukue tu kidude cha USB 3.0 chenye 5 GHz? Rauta inatoa 2.4 na 5 GHz zote mbili.